Ukurasa wa Afya ya Jamaa: Shitingi Iliyokazwa na Mlango wa Malaria

  Hapa kwetu Nkamira mvua imeanza tena, na baridi ya Rubavu mnaijua wenyewe: asubuhi mtu anavaa kila nguo aliyo nayo, na bado anatetemeka.

Mwezi huu tulitaka kuandika juu ya usafi wa vyoo. Lakini mama mmoja wa safu ya juu alitusimamisha njiani. Jina la jamaa yake limesomwa kwenye orodha ya kuhamia Mahama. Akatuambia hivi: "Bandugu, banasema kule Mahama malaria iko mingi. Batoto bangu bamekomalia kwa baridi. Huyu mdudu anaingiaka namna gani mu damu? Na juu ya nini mtoto moja anagonjwa sana, mwenzake anacheza tu?"

Ni maswali mawili, na yote mawili ni mazuri. Tulimwambia tutamjibu hapa, ili jibu liwafikie wote walio na safari kama yake. Someni pole pole, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake wa shule.

BARIDI YETU NA JOTO LA KULE

Tuanze na safari yenyewe. Tangu Novemba 2022, maelfu ya watu waliokimbia vita Kivu ya Kaskazini wamepita hapa Nkamira, na wengi wakahamishwa kwenda Mahama, wilaya ya Kirehe, upande wa mashariki karibu na mto Akagera. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya ndugu zetu wa Burundi, na mwaka 2021 ikapokea pia Wakongomani waliotoka Gihembe baada ya kambi ile kufungwa.

Huku kwetu ni milima. Hata Gisenyi mjini, pale chini ziwani, ni karibu mita 1,460 juu ya bahari, na sisi tuko juu zaidi. Kule mashariki ni chini na kuna joto. Hapo ndipo mambo ya malaria yanapobadilika. Kimelea cha malaria, kabla ya kufika kwa mtu, lazima akomae kwanza ndani ya tumbo la mbu. Kazi hiyo inataka joto. Hali ya hewa ikishuka chini ya digrii 16 hivi, kimelea wa aina ya falsiparamu, ambaye ndiye mkali na ndiye mwingi katika nchi zetu, hamalizi kukomaa. Mbu anakufa kwa uzee kabla mzigo wake haujaiva. Kwa hiyo baridi hii tunayoilalamikia kila asubuhi inatukinga kidogo. Tunasema kidogo, maana malaria inafika hata huku.

Lakini kinga hii ina deni lake. Mtoto aliyekulia penye malaria nyingi, kama hakufa, mwili wake unajifunza kupigana pole pole. Mtoto wa milimani, wa Masisi au wa hapa, hajajifunza. Akishuka kwenye joto, malaria ya kwanza inamkuta mwili wake bado mgeni, na inaweza kumwangusha vibaya. Ndiyo sababu yule mama ana haki ya kuuliza kabla ya kupanda basi.

MLANGO WENYEWE UKO WAPI?

Mbu jike wa aina ya Anofelesi akikuuma usiku, anaacha ndani ya ngozi yako vimelea wachache tu. Wanakimbilia kwenye ini. Humo wanajificha kama wiki moja bila wewe kujua lolote, huku wanazaana. Wakitoka kwenye ini wanakuwa maelfu, na wanaingia kwenye damu.

Damu ni nyekundu kwa sababu ya chembe nyekundu. Katika tone dogo lenye upana, urefu na kimo cha milimita 1, kuna chembe kama milioni 4 au 5. Kila moja ina umbo la chapati iliyobonyea katikati, na upana wake ni kama sehemu ya 8 za elfu za milimita. Ukizipanga mstari mmoja, chembe 125 ndizo zinafikisha milimita 1. Kimelea anayetaka kuingia ni mdogo zaidi: anazidi kidogo tu sehemu moja ya elfu ya milimita. Wataalamu wanamwita merozoiti. Ni kama ndimu mbele ya sahani.

Sasa sikilizeni ajabu. Chembe nyekundu haina mlango. Haina dirisha. Imefunikwa kote na ngozi laini sana, utando. Na merozoiti hana meno ya kutoboa. Akitoboa, chembe ingepasuka na yeye angekosa nyumba. Basi anaingiaje?

Mwaka 1975, watafiti huko Marekani ndio waliofaulu kwa mara ya kwanza kupiga filamu ya kimelea cha malaria akiingia kwenye chembe. Tangu hapo kazi hiyo imetazamwa mara nyingi, na hatua zake zinajulikana:

1. Merozoiti anagonga chembe na kushikamana nayo. Utando unatikisika na kubonyea, kama vile shitingi inavyobonyea ukiigonga kwa ngumi.

2. Utando unamkumbatia, na yeye anajigeuza mpaka ncha yake ielekee chembe. Ncha hiyo ndiyo yenye vifaa vyake vyote.

3. Anafunga kufuli. Protini yake inayoitwa RH5 inashika protini ya chembe inayoitwa basijini. Bila kushikana huku, falsiparamu hawezi kuendelea.

4. Anatengeneza pete kati yake na chembe. Pete hiyo imemkaza pande zote, kama kola ya shati shingoni.

5. Anajivuta. Ndani ya mwili wake kuna mashine ndogo ya protini, ndugu na ile inayokunja misuli ya mkono wako. Anapenya katikati ya pete, huku utando ukimfunika na kufungwa nyuma yake. Kwa hiyo hakutoboa kitu: amejiviringisha ndani ya ngozi ya chembe, kama mtoto anavyojizungushia blanketi.

Kugonga na kujigeuza ni sekunde 10 hivi. Kuingia ni kama nusu dakika. Baadaye chembe inasinyaa na kutoa miiba kama nungunungu, halafu baada ya dakika kadhaa inarudia umbo lake. Ukiitazama kwa nje, utasema hakuna kilichotokea.

Na huyu merozoiti ana haraka kweli. Akikaa nje ya chembe dakika chache tu, nguvu zake za kuingia zinakwisha. Askari wa mwili wako wanamtafuta, na yeye hana mahali pa kujificha ila ndani ya chembe.

KWA NINI UTANDO UMELEGEA?

Hapo mtu atauliza: basi kwa nini Mungu hakuzipa chembe zetu ngozi ngumu?

Jibu ni kwamba ulaini huo ndio uhai wetu. Mishipa mingine midogo ya mwili ni myembamba kuliko chembe yenyewe. Ili ifikishe hewa kwenye ubongo, kwenye figo, kwenye vidole, chembe lazima ijikunje, ijipenyeze, halafu ijinyoshe tena. Inafanya hivyo kwa siku kama 120 mpaka izeeke. Chembe ngumu ingekwama njiani. Kwa hiyo ule ulegevu unaotupa uhai ndio huo huo kimelea anautumia kama mlango.

Na akishaingia, anaharibu hata huo ulaini. Chembe yenye kimelea inaanza kuwa ngumu, na inaota vinundu vinavyonata kwenye kuta za mishipa. Inaganda humo. Nyingi zikiganda kwenye ubongo, mtoto anapata degedege na kupoteza fahamu. Kwa mama mjamzito zinaganda kwenye kondo la nyuma, na mtoto tumboni anakosa chakula. Hiyo ndiyo malaria kali.

HABARI YA KILIFI

Sasa tunafika kwenye swali la pili la mama yetu: kwa nini mmoja anaanguka na mwenzake anacheza?

Sababu ni nyingi. Kuna umri, kuna chakula, kuna kinga iliyokwisha kujengwa. Lakini sababu nyingine iko kwenye damu tuliyorithi. Wengi wenu mmesikia habari ya selimundu, ile ambayo Kivu tunaita anemia ya SS. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu mwenye urithi huo kutoka kwa mzazi mmoja tu anakingwa na malaria. Akiupata kwa wazazi wote wawili, hapo ndipo anapata ugonjwa wenyewe.

Kuna urithi mwingine ambao si wengi wanaujua. Unaitwa Dantu. Ni aina ya damu, kama vile tunavyosema O au A. Unapatikana zaidi pwani ya Kenya, kaunti ya Kilifi, ambako karibu mtu 1 katika kila 10 anao. Mtoto aliyeupata kwa baba na kwa mama pia ana kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali, na tofauti na SS, haumletei ugonjwa.

Kwa nini? Watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust pale Kilifi, pamoja na wenzao wa Cambridge, Uingereza, walichukua damu kidogo ya watoto 42 wenye afya. Baadhi walikuwa na Dantu, baadhi hawakuwa nayo. Wakaweka chembe na vimelea pamoja chini ya darubini yenye kamera, wakatazama. Silvia Kariuki na wenzake walitangaza matokeo mwaka 2020.

Walipima kitu kimoja: mkazo wa utando. Chembe nyekundu hai haitulii. Ngozi yake inatetemeka muda wote kwa sababu ya joto la mwili. Nanyi mnajua kwa kuishi chini ya shitingi: iliyolegea inapiga-piga usiku kucha, mpaka watoto hawalali. Iliyokazwa vizuri inatetemeka kidogo tu. Kwa hiyo ukipima mtetemeko, unajua mkazo, bila hata kuigusa.

Wakakuta chembe zenye Dantu zimekazwa zaidi. Na wakakuta kuna kipimo, kama mstari. Chembe iliyozidi mkazo huo, kimelea anaigonga, anaisukuma, na anashindwa kujifunika nayo. Nguvu zake hazitoshi kukunja kitu kilichokazwa hivyo. Anabaki nje, na dakika zake zinakwisha. Jambo lingine: hata kwa watoto wasio na Dantu, chembe hazilingani. Kuna zilizokaza na kuna zilizolegea, na zile zilizokaza zilisumbua kimelea vile vile.

Tofauti ya mkazo ni ndogo sana, maana chembe za Dantu bado zinapita kwenye mishipa na kufanya kazi yake. Ndogo hivyo, na inaamua nani alazwe.

ZOEZI LA NYUMBANI

Fanyeni hili na watoto jioni. Chukueni ndoo na kipande cha kitenge kikuukuu. Tandika kitenge juu ya ndoo kikiwa kimelegea, na mtoto asukume ndimu katikati kwa kidole kimoja. Ndimu itazama, na kitambaa kitaizunguka pande zote. Sasa kaza kitenge kwa kamba mpaka kilie kama ngoma. Asukume tena kwa kidole kile kile. Muulize: nani amebadilika, ndimu au kitambaa? Akijibu, ameelewa kazi ya wataalamu wa Kilifi.

MTU ASIWADANGANYE

Tunaandika haya kwa herufi nzito moyoni mwetu. Hakuna dawa ya kukaza damu. Hakuna sindano ya Dantu. Mtu akikuletea chupa ya majani sokoni akasema inakaza chembe, anataka pesa yako tu. Dantu mtu anazaliwa nayo, na sisi wengi hatunayo.

Faida ya elimu hii ni nyingine: inawaonyesha wataalamu mahali pa kumzuia kimelea. Mfano ni lile kufuli la RH5. Chanjo ya kulizuia ilijaribiwa Bagamoyo, Tanzania, na Taasisi ya Afya ya Ifakara, na miili ya watoto wadogo ilitengeneza kinga nyingi kuliko ya watu wazima. Mwaka 2024 majaribio ya Burkina Faso yalionyesha kwamba ilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 55 katika miezi 6. Ni majaribio, si chanjo ya kwenda kuomba kesho kwenye zahanati.

HESABU AMBAYO KILA MZAZI AIJUE

Kimelea akishaingia kwenye chembe, anakula, anakua, na baada ya saa 48 chembe inapasuka. Wanatoka merozoiti 16 mpaka 32. Ndipo homa inapanda na mwili unatetemeka. Wengi wanakufa njiani, lakini tuseme 10 tu wanafaulu kuingia chembe mpya. Mmoja amekuwa 10. Baada ya siku 4 ni 100. Baada ya siku 8 ni 10,000. Na kumbukeni, kutoka kwenye ini hatoki mmoja, wanatoka maelfu. Wakiwa 10,000 siku ya kwanza, siku ya 8 wanaweza kufika milioni 100. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa anacheza Jumatatu anaweza kuwa hoi Ijumaa.

Hesabu hii inafundisha mambo mawili. Kwanza, siku moja ya kungoja si siku moja tu. Pili, ukibakiza vimelea wachache, umebakiza wote.

Hapa tuseme kosa letu. Mmoja wetu alipewa dawa ya siku tatu kwa mtoto wake. Siku ya pili homa ikashuka, mtoto akaomba ugali. Tukafurahi, tukasema huyu amepona, vidonge vilivyobaki tumuwekee mdogo wake. Tuliviweka ndani ya kopo la chumvi. Wiki tatu baadaye yule mtoto alirudi chini, mara hii macho meupe, hana damu. Tulimbeba usiku mgongoni. Alipona, tunashukuru Mungu, lakini hatujasahau uzito wake usiku ule. Homa ilishuka kwa sababu vimelea wengi walikuwa wamekufa. Wachache walibaki, na wachache walijua hesabu.

Kuna sababu nyingine ya kumaliza dawa. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba hapa Rwanda wamepatikana vimelea ambao dawa ya artemisinini inachelewa kuwaua. Dawa mchanganyiko bado zinaponya zikinywewa sawasawa, kwa sababu kuna dawa ya pili ndani yake inayomalizia kazi. Ukikatiza, unamwachia yule sugu apone peke yake na aenee kwa jirani.

KABLA YA KUPANDA BASI, NA BAADA YA KUFIKA

- Chandarua, kile tunaita mustikeri, kiwe kwenye mzigo wa juu, si chini ya masufuria. Usiku wa kwanza kule kitundikwe. Watoto wadogo na mama mjamzito ndio wa kwanza kulala ndani.

- Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi, isipite. Mjumbe wa afya wa kijiji ana kipimo cha tone la damu la kidoleni. Mwambieni kwamba mmetoka milimani.

- Akipewa Coartem, ni mara 2 kwa siku, siku 3, jumla mara 6, kwa kipimo cha uzito wake. Anywe na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, maana bila mafuta dawa haiingii vizuri mwilini. Akitapika mara moja, rudini kuuliza.

- Msitunze vidonge. Msigawane vidonge.

- Mkiona degedege, usingizi usioamka, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida, viganja vyeupe au mkojo mweusi, msingoje asubuhi. Nendeni hata usiku.

Yule mama tulimsomea maneno haya kabla hayajachapwa. Alisikiliza kimya mpaka mwisho, akasema: "Kumbe ni dakika tu anakuwaka nje. Basi mimi nitamukataza kuingia mu nyumba kwanza." Akaenda kushona tundu la mustikeri wake kwa uzi wa gunia.

Safari njema kwenu mnaoondoka. Mkifika, tuandikieni mtueleze hali ya huko, tutaweka barua zenu hapa. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye ile habari ya vyoo tuliyowaahidi.